La Kuvunda Halina Ubani: Kuhuisha Sehemu za Mpira na Plastiki Katika Magari ya Zamani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba la kuvunda halina ubani. Methali hii aghalabu hutajwa watu wanapojadili tabia za wanadamu na hatima ya mambo yao. Hata hivyo, ukweli wake hudhihirika waziwazi katika gari kuukuu lililoegeshwa juani kwa miaka mingi. Bati la gari hilo laweza kunyooshwa na kupakwa rangi upya. Injini yake yaweza kufunguliwa, ikasafishwa na kufungwa tena. Mpira unaozunguka mlango, ukanda wa bampa na dashibodi iliyopasuka ni mambo mengine. Vitu hivi havishiki kutu, navyo havinyooshwi kwa nyundo. Hupauka, hukauka, kisha hufa.

Nchini Kenya, suala hili si la anasa tupu. Peugeot 504, iliyozinduliwa jijini Paris mwaka wa 1968, ilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978, na kwa miongo kadhaa ikawa gari la kazi, la harusi na la safari ndefu za mashambani. Datsun nazo zilimpa Shekhar Mehta ushindi mara nne mfululizo kati ya mwaka wa 1979 na 1982. Magari ya enzi hizo yangali yanaonekana katika mashindano ya urembo wa magari ya Africa Concours d'Elegance yaliyoanzishwa mwaka wa 1970, na katika mbio za East African Safari Classic Rally zilizoanza mwaka wa 2003. Mengine yamo katika nyua za watu waliorithi magari ya baba na babu zao, nao wangependa yatembee tena barabarani.

Makala haya yanadhamiria kufafanua kwa nini mpira na plastiki huchakaa, ni mbinu zipi zinazoweza kuzihuisha, na ni sehemu zipi ambazo hazipaswi kuhuishwa asilani. Hoja kuu ni kwamba kung'arisha si kutengeneza. Fundi stadi ni yule ajuaye kutofautisha kilichopauka na kilichokufa, kwa kuwa kosa katika kutofautisha huko laweza kumgharimu mtu maisha yake.

Kiini cha kuchakaa

Mpira wa asili hutokana na utomvu wa mti. Ukiachwa ulivyo, huwa laini na wenye kunata wakati wa joto, na huwa mgumu wakati wa baridi. Mwaka wa 1839, Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa mpira ukipashwa moto pamoja na salfa huwa imara na wenye kunyumbuka. Salfa hufunga minyororo mirefu ya molekuli za mpira pamoja, mfano wa kamba nyingi zilizopigwa mafundo hapa na pale, hata ikawa kila kamba ikivutwa hurejea mahali pake. Uhai wote wa mpira umo katika mafundo hayo na katika urefu wa kamba zenyewe.

Adui wa kwanza ni jua. Miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, ina nguvu ya kukata minyororo ya molekuli. Pale inapokatwa, oksijeni ya hewani huingia na kushikamana na ncha zilizobaki. Sehemu ya juu ya mpira au plastiki hugeuka kuwa unga mwembamba wa kijivu. Hiyo ndiyo hali ambayo watu huiita kupauka. Weusi haujaondoka kana kwamba ni rangi ya kitambaa iliyochujuka kwa kufuliwa. Lililotukia ni kwamba tabaka la juu limemeng'enyuka, na nyufa zake ndogondogo zinatawanya mwanga na kuufanya uso uonekane mweupe. Watengenezaji wengi huchanganya masizi ndani ya mpira, na masizi hayo humeza sehemu kubwa ya miale kabla haijapenya ndani. Hii ni sababu mojawapo ya matairi kuwa meusi.

Nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa huo, tena karibu na Ikweta. Kwa hivyo, mwenye gari asidanganywe na ubaridi wa asubuhi wa jiji hilo. Gari laweza kukaa mahali penye hewa baridi huku dashibodi yake ikiungua polepole.

Adui wa pili ni ozoni. Gesi hii hushambulia mpira wa asili hasa pale ulipovutwa au kukunjwa, na huacha nyufa zinazokatiza mwelekeo wa mvutano. Ndiyo maana mpira wa mlango huanza kupasuka kwenye kona. Inafaa kukumbuka kuwa cheche za kuchomelea vyuma na mota za umeme huzalisha ozoni. Gari linalohifadhiwa miezi mingi kando ya mashine ya kuchomelea huzeeka kwa upesi ambao mwenyewe hautarajii. Ili kukabiliana na tatizo hili, viwanda vilibuni mipira ya kutengenezwa kwa kemikali. Neoprini ilianza kuuzwa mwaka wa 1931, na katika miaka ya 1960 ukaja mpira ujulikanao kwa herufi EPDM, ambao hustahimili ozoni na jua kuliko mpira wa asili. Magari yaliyoundwa kabla ya hapo hayakubahatika kuupata.

Adui wa tatu hutoka ndani. Vinaili, ambayo hufunika dashibodi na milango ya magari mengi ya zamani, ni plastiki ngumu kwa asili yake. Hulainishwa kwa kuchanganywa na vilainishi vya majimaji. Joto la ndani ya gari lililofungwa madirisha huvifukuza vilainishi hivyo kidogokidogo. Ukungu wa mafuta unaoonekana upande wa ndani wa kioo cha mbele, ambao mwenye gari huupangusa kila wiki bila kujua asili yake, huenda kwa sehemu ni ulaini wa dashibodi unaoondoka. Ukishaondoka vya kutosha, dashibodi husinyaa na kupasuka.

Kupauka, kukauka na kufa

Lugha ya gereji ina hekima yake. Fundi akisema kwamba mpira umepauka, huwa hamaanishi kuwa umekauka. Na akisema umekufa, hapo hakuna mjadala tena. Vitenzi hivi vitatu vinatoa mwongozo mwafaka wa uchunguzi, na uchunguzi ndio unaopaswa kutangulia kila tiba.

Kilichopauka kimeharibika juu tu. Ukikibonyeza kwa kidole gumba hurudi katika umbo lake, na ukikikunja hakionyeshi ufa. Ukikipangusa kwa kitambaa cheupe chenye maji, huacha unga wa kijivu au mweusi. Kilichokauka kimepoteza unyumbufu wake. Kidole kikikibonyeza hakiachi alama, na kikikunjwa huonyesha nyufa nyembamba zisizo na kina. Kilichokufa hupasuka hadi ndani, humeguka vipande, au pengine hugeuka kuwa laini na chenye kunata kama lami. Hali hii ya mwisho huwahadaa wengi, kwani hudhani ulaini ni dalili ya uhai.

Mbinu za kuhuisha

Kanuni ya msingi ni kuanza na tiba nyepesi kuliko zote na kupanda ngazi pale tu inapolazimu. Mbinu iwezayo kutanguliwa ndiyo ya kuanza nayo. Mpira wa gari la mwaka wa 1970 ukishasagwa kwa msasa hauwezi kurudishiwa kilichosagwa, na huenda hakuna mwingine kama huo katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road wala kwingineko.

Ngazi ya kwanza ni kuosha. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali na brashi laini huondoa vumbi, chumvi na mabaki ya mafuta ya zamani. Sehemu iachwe ikauke kabisa, ikibidi kwa siku nzima. Mara nyingi kinachodhaniwa kuwa uzee huwa ni uchafu wa miaka mingi, na nusu ya kazi hukamilika hapa.

Ngazi ya pili ni kulisha. Kwa mipira ya milango, madirisha na buti, gliserini au mafuta ya silikoni yakipakwa kwa kiasi kidogo na kupanguswa baada ya muda huupa uso weusi na utelezi wake, tena huzuia mpira kugandamana na bati. Silikoni ina ila moja kubwa. Ikigusa bati, rangi mpya haishiki vyema, na huacha vishimo vidogo vya mviringo. Mwenye kunuia kupaka gari rangi aahirishe silikoni hadi kazi ya rangi ikamilike.

Kwa bampa na pembe za plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa hutumika. Mafuta haya hayakauki kama maji yakaukavyo. Huungana na oksijeni na kuwa utando mgumu unaoziba nyufa ndogo na kurejesha weusi kwa miezi kadhaa. Hapa pana hatari ambayo haina budi kutajwa. Katika kuungana huko na oksijeni, mafuta hutoa joto, na vitambaa vilivyolowa vikirundikwa pembeni vyaweza kuwaka moto vyenyewe bila ya kiberiti. Vitambaa hivyo vitandazwe nje hadi vikauke, au viloweshwe ndani ya maji.

Ngazi ya tatu ni kuondoa tabaka lililokufa. Ukanda mnene wa mpira kwenye bampa waweza kusuguliwa kwa msasa laini wa nambari 400 na kisha 600, huku ukimwagiwa maji, hadi weusi wa chini ujitokeze. Baadaye hulishwa kama ilivyoelezwa. Mbinu hii haifai mipira myembamba ya madirisha, kwani hupunguza unene unaozuia maji. Vilevile haifai plastiki yenye nakshi, maana nakshi hiyo hufutika.

Wengine hutumia bunduki ya hewa moto kwenye bampa za plastiki. Moto huo huyeyusha tabaka jembamba la juu, nyufa zikafungana, na weusi hurudi mbele ya macho ya watazamaji kama kiinimacho. Matokeo hupendeza, lakini hayadumu, kwa sababu kinga dhidi ya jua haijaongezwa. Isitoshe, mkono ukikawia mahali pamoja kwa sekunde chache tu, bampa hupinda au kung'aa doa lisilofutika. Ni mbinu ya mara moja au mbili katika maisha ya kipande kimoja.

Ngazi ya nne ni kulainisha kilichokauka. Kuna mchanganyiko unaojulikana na mafundi wa magari ya zamani katika nchi nyingi: sehemu moja ya mafuta ya wintagrini, yale yenye harufu ya dawa ya kuchulia misuli, kwa sehemu tatu za zailini. Kipande cha mpira huloweshwa humo kwa saa kadhaa hadi siku chache, kikichunguzwa mara kwa mara. Mpira huvimba kidogo na kulainika, na baada ya kukauka hubaki na sehemu ya ulaini huo. Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na moto, kwa glavu, na mbali kabisa na watoto, kwani mafuta hayo ni sumu kali yakinywewa hata kwa kiasi kidogo. Ieleweke pia kwamba minyororo iliyokatika haijaungwa. Ulaini huo ni wa kukopa, na utadaiwa.

Ngazi ya tano ni kupaka rangi au kuvika upya. Dashibodi iliyopauka bila kupasuka hupakwa rangi maalumu ya vinaili, ambayo hunyumbuka pamoja na ngozi yake. Iliyopasuka huzibwa kwa kijazio chenye kunyumbuka, au huvuliwa na kuvikwa ngozi mpya. Katika jambo hili la mwisho, mafundi wa kushona viti wa jua kali wana ustadi usiopaswa kudharauliwa. Kwa hakika, ipo kinaya ya kupendeza hapa: jua kali ndilo lililoiharibu dashibodi, na jua kali ndiyo inayoitengeneza.

Ung'aavu wa uongo

Katika sehemu nyingi za kuoshea magari, kazi humalizika kwa kupaka matairi na bampa kitu chochote chenye kung'aa: mafuta ya injini yaliyotumika, dizeli, mafuta ya taa, hata rangi ya viatu. Gari huondoka liking'ara, mwenyewe hulipa kwa furaha, na baada ya wiki moja hurudi. Mafuta ya petroli hupenya ndani ya mpira wa asili, huuvimbisha na kuudhoofisha. Mpira wa EPDM, pamoja na uimara wake wote mbele ya jua, huharibiwa vibaya na mafuta hayo hayo. Kinachoonekana kuwa tiba ndicho kinachoharakisha kifo. Aidha, uso wenye mafuta hunasa vumbi, na vumbi husugua kila mlango unapofungwa.

Rangi ya viatu haina madhara makubwa kiasi hicho, ila huyeyuka kwa mvua ya kwanza na kuacha michirizi kwenye rangi ya gari. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na vyote vyeusi si vizima.

Yasiyohuishwa

Chukulia mfano wa kijana aliyerithi Peugeot 504 ya baba yake. Ameosha mipira ya milango, ameilisha gliserini, amevika dashibodi ngozi mpya. Chini ya gari, paipu za mpira zinazopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu zimepauka vivyo hivyo. Anazipangusa, anazipaka silikoni, nazo zinapendeza kama zilizotoka dukani. Siku ya Jumamosi anawapakia wazazi na wadogo zake kuteremka bonde la ufa. Katikati ya mteremko anakanyaga breki, shinikizo linapanda, na paipu iliyokuwa ikipendeza kwa nje inapasuka kutoka ndani.

Mfano huu unaonyesha bayana mpaka wa sanaa ya kuhuisha. Paipu za breki, mipira ya ndani ya silinda za breki, paipu za petroli, paipu za redieta, mikanda ya injini na matairi hazihuishwi. Hubadilishwa. Sehemu hizi huzeeka kuanzia ndani, mahali ambapo jicho na kidole havifiki. Tena uharibifu wake hauleti aibu, huleta maafa. Paipu ya petroli yenye ufa juu ya injini yenye moto haihitaji maelezo.

Matairi ya magari ya zamani ndiyo mtego mkubwa zaidi. Kwa kuwa magari hayo hayatembei sana, kashata za matairi huwa nzima, nayo yakipakwa mafuta huonekana mapya. Umri wa tairi husomwa ubavuni. Kwa yaliyoundwa tangu mwaka wa 2000, tarakimu nne za mwisho katika alama inayoanza kwa herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kuundwa. 2314, mathalani, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2014. Tairi lililopita miaka 10 halifai kuaminiwa barabarani hata kama lina kina cha kutosha. Tairi lenye tarakimu tatu pekee liliundwa kabla ya mwaka wa 2000. Mahali pake ni kwenye maonyesho, gari likiwa limesimama.

Kinga

Kinga ni bora kuliko tiba, na katika jambo hili kinga ni rahisi. Kivuli ndicho dawa ya kwanza. Penye kivuli haba, turubai la kitambaa kinachopitisha hewa hufaa kuliko karatasi ya plastiki ambayo hufungia unyevu na joto ndani. Kitambaa kilichotandazwa juu ya dashibodi hupunguza miale na joto. Kwa wakazi wa pwani, kuosha mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi ni jambo la lazima. Gari lisilotembea lifunguliwe milango kila baada ya wiki chache, ili mpira usibaki umekandamizwa mahali pamoja hadi ukapoteza umbo. Hatimaye, kulisha kidogo mara kwa mara kwa kinachofaa kunashinda kupaka kwa wingi mara moja kwa mwaka.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuchakaa kwa mpira na plastiki ni kukatika kwa minyororo ya molekuli kunakosababishwa na jua na ozoni, pamoja na kutoweka kwa vilainishi, na kwamba hakuna mafuta yanayoiunga minyororo hiyo upya. Mbinu zote zilizojadiliwa hufanya mojawapo ya mambo haya: huondoa tabaka lililokufa, hulifunika, au hukopesha ulaini kwa muda. Hilo si jambo dogo, kwani kwa sehemu ambazo hazitengenezwi tena, muda wa kukopa waweza kuwa miaka mingi ya gari kuonekana na kukumbukwa.

Hivyo basi, methali iliyotangulia inahitaji kusomwa kwa makini. Wahenga hawakusema kwamba kila kilichozeeka hakina ubani; walisema hivyo kuhusu kilichovunda. Kilichopauka kingali na ubani wake, na kilichokauka kina nafasi kidogo. Kilichokufa kipewe heshima ya kuondolewa, hasa pale kinapobeba roho za watu. Mwenye gari la zamani aanze basi kwa kidole gumba na kitambaa cheupe, kabla hajagusa kopo lolote la mafuta.